Foo-wili Isilale Kiangazi Chote

Katika toleo hili tutazungumza juu ya gari. Wengine mtasema, "Sisi hatuna gari, yatuhusu nini?" Ngojeni kwanza. Katika vijiji vyetu vya Nachingwea na Ruangwa, pikapu moja huwa ya watu wengi. Hubeba korosho na ufuta kwenda ghala la chama cha msingi. Hubeba saruji, jeneza na bibi harusi. Na mvua ikinyesha usiku, hubeba mgonjwa. Kwa hiyo hata asiye na gari ana haja ya kujua kama pikapu ya kijiji chake itatoka kwenye tope au haitatoka.

Mwezi wa Februari, mwaka mmoja, tulikuwa katika kijiji ambacho hatutakitaja. Tulikwenda kukagua madarasa ya kisomo. Usiku wa manane tukaamshwa. Mama mmoja alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi, na mkunga wa zahanati alisema lazima afike hospitali ya wilaya. Pikapu ilikuwapo, mali ya kikundi cha wakulima. Dereva alikuwapo. Mafuta yalikuwapo. Mama akalazwa nyuma juu ya godoro, wanawake wawili wakakaa naye, nasi tukapanda pamoja na vijana wa kusukuma.

Tulikwenda kilomita sita hivi. Tulipofika bondeni, kwenye udongo mweusi, gari likaanza kuteleza, kisha likakaa. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure na kurusha tope.

"Weka foo-wili, mjomba," kijana mmoja akasema.

Dereva akavuta ule mkono mfupi wa gia. Haukusogea. Akauvuta kwa mikono miwili, ukaingia kwa kelele. Lakini magurudumu ya mbele yalitulia tuli.

"Mara ya mwisho uliitumia lini?" tukamwuliza.

Akafikiri. "Tangu masika ya mwaka jana, Mwalimu. Kiangazi barabara si kavu? Ya nini?"

Tulimbeba yule mama kwa machela ya miti na kanga mpaka ng'ambo ya bonde. Tukasubiri gari jingine mpaka kulipopambazuka. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Baada ya siku ile tuliwauliza mafundi, tukasoma na vitabu vya magari. Haya ndiyo tuliyojifunza.

FOO-WILI INAFANYAJE KAZI?

Pikapu nyingi za huku kwetu, kama Toyota Hilux na Land Cruiser, siku zote husukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Ya mbele yanafuata tu, kama gurudumu la mbele la baiskeli. Lakini chini ya gari, nyuma ya gia boksi kubwa, kuna gia boksi ndogo. Ukivuta mkono mfupi, hiyo ndogo hupeleka nguvu ya injini mbele pia. Nguvu hupita kwenye chuma kirefu kinachozunguka, jina lake propela. Propela huzungusha difu ya mbele, yaani lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu mawili. Difu nayo hugawa nguvu kulia na kushoto. Hapo magurudumu yote manne yanavuta.

Magari mengi yana kitu kingine tena, nacho ni habu. Tazama katikati ya gurudumu la mbele. Utaona kizungushio kilichoandikwa FREE na LOCK. Kikiwa FREE, gurudumu linazunguka peke yake. Kikiwa LOCK, gurudumu limeshikana na chuma cha ndani kinachotoka kwenye difu. Dereva hushuka, huzungusha ya kulia, kisha ya kushoto. Magari mengine hayana habu za kuzungusha kwa mkono, na mengine mapya yana kitufe badala ya mkono wa gia.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata madereva wengi hawalijui. Habu moja ikigoma, ni sawa na zote mbili zimegoma. Kwa nini? Kwa sababu difu ya kawaida hupeleka mzunguko mahali palipo pepesi. Upande wa habu iliyogoma, chuma cha ndani kinazunguka bure, hakina mzigo. Basi mzunguko wote unakimbilia huko, na gurudumu la upande mzima linabaki limesimama. Ndivyo ilivyokuwa kwa ile pikapu. Fundi alipofungua habu ya kulia alikuta grisi imekauka, ngumu kama gundi, na ndani kuna kutu. Ya kushoto ilikuwa salama kabisa. Haikusaidia kitu.

KULALA NDIKO KUNAKOIHARIBU

Wakulima wa korosho mtatuelewa upesi. Mashine ya kupulizia salfa ukiiweka stoo msimu ulipokwisha, bila kuisafisha wala kuiwasha hata siku moja, je, mwaka ujao itawaka mara moja? Mnajua wenyewe mnavyovuta ile kamba mpaka bega linauma.

Foo-wili ni hivyo hivyo. Ndani ya difu kuna oili, lakini oili haijai mpaka juu. Meno ya gia yanapozunguka ndiyo yanayoichota na kuirusha juu, ikalainisha beringi na sili. Sili ni pete ya mpira inayozuia oili isivuje. Habu zikiwa FREE miezi sita, difu ya mbele haizunguki. Oili inatulia chini. Sehemu za juu zinakauka, unyevu unaingia, kutu inaanza, na mpira wa sili unakuwa mgumu. Siku ya kuitumia, oili inavuja. Na vile vyuma vinavyounganisha mkono wa gia na gia boksi ndogo viko chini ya gari, kwenye tope na vumbi. Visiposogezwa vinashikana.

Huku kusini mvua yetu ni ya msimu mmoja, toka Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miezi mingine yote ni mikavu, nayo ndiyo miezi inayoiua foo-wili. Kwa hiyo izoezwe wakati ule ambao hakuna anayeihitaji.

Vitabu kadhaa vya magari ya Toyota vinashauri gari liendeshwe kwa foo-wili walau kilomita 16 kila mwezi. Si mbali. Ni kama kwenda kijiji cha jirani na kurudi.

Chagua barabara ya udongo au mchanga. Simamisha gari, funga habu zote mbili kwenye LOCK. Kanyaga klachi, peleka mkono mfupi kwenye H4. Herufi hizi zimeandikwa juu ya kirungu chake: H2 ni ya kila siku, H4 ni magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida, L4 ni magurudumu manne kwa mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi. Mkono ukikataa, usiupige nyundo. Sogeza gari mbele kidogo, rudi nyuma kidogo, jaribu tena. Meno yanatafutana tu. Taa ya foo-wili ikiwaka, endesha polepole. Mwishoni simama kabisa, ingiza L4, nenda hatua hamsini hivi, kisha rudisha H2 na ufungue habu.

Kati ya H4 na L4 kuna N. Hapo pana hatari. Mkono mfupi ukiachwa kwenye N, gia kubwa haiwezi kulishika gari hata ukiiacha imeingia. Gari litateremka mlima peke yake. Vuta breki ya mkono kwanza.

Je, mazoezi haya yafanywe kwenye lami? Hapana! Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele huenda njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye udongo yanateleza kidogo na mambo yanakwisha. Lami inayashika, vyuma vinajikaza, tairi zinalika, na mkono wa gia unagoma kutoka. Ukikwama hivyo, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, utalegea. Madhara haya pia huja ukifunga tairi mpya mbele na kuacha zilizolika nyuma. Tairi zote nne ziwe na ukubwa mmoja.

Na gari likivuka maji marefu, fundi akague oili ya difu. Ikionekana kama chai ya maziwa, maji yameingia. Imwagwe, iwekwe nyingine.

Tusidanganyane, foo-wili si dawa ya kila kitu. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga. Pale hata mwenye foo-wili nzima alisubiri kama wengine.

Kile kikundi cha wakulima kilinunua daftari la kurasa 48. Sasa linakaa ndani ya gari. Kila mwezi dereva anaandika tarehe, kilomita na hali ya foo-wili, na katibu anasoma na kutia sahihi. Katibu huyo alijifunza kusoma katika darasa letu. Tulipopita tena mwezi wa Septemba tuliomba kuliona. Mstari wa Agosti ulisema: "H4 imeingia. L4 imeingia. Habu ya kulia ngumu kidogo, imepakwa grisi."