Mzingiro wa Ngome ya Yesu, Mombasa, 1729: Nafasi ya Mji, Bara na Pepo za Msimu katika Anguko la Ngome ya Pwani

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari, awe wa Mombasa au wa Ihembe wilayani Karagwe, hufundishwa habari za Ngome ya Yesu kama uwanja wa mapambano ya wageni wawili: Wareno walioijenga na Waomani waliowatoa mwaka 1698. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yana pengo. Tarehe 26 Novemba 1729 Wareno walisalimu amri kwa mara ya pili katika ngome hiyohiyo, na safari hii waliowazingira walikuwa watu wa Mombasa wenyewe. Makala haya yanafafanua mzingiro huo wa takriban miezi saba. Hoja yake kuu ni kwamba hatima ya ngome haikuamuliwa na unene wa kuta wala idadi ya mizinga, bali na watu waliodhibiti chakula cha bara, njia za bahari na utii wa mji.

2.0 Ngome na Udhaifu Wake

Ngome ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi Mwitaliano, wakati ambapo mfalme wa Hispania, Felipe II, alikuwa pia mfalme wa Ureno. Ilisimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari, ikiwa na buruji nne za kuwawezesha walinzi kuvurumisha risasi ubavuni mwa adui anayekaribia ukuta. Ni usanifu wa Ulaya, uliobuniwa kukabili vita vya Ulaya.

Vita hivyo vilikuwa na desturi yake. Mathalani, mwaka 1719 jeshi la Ufaransa chini ya Duke wa Berwick liliizingira Fuenterrabía, ngome ya Wahispania iliyo mpakani penye bahari. Washambuliaji walichimba mahandaki, wakasogeza mizinga, na ngome ikasalimu amri mwezi Juni baada ya wiki chache tu. Katika mzingiro wa aina hiyo swali kuu lilikuwa: ukuta utahimili mizinga kwa siku ngapi?

Mombasa swali lilikuwa jingine. Mji uko kisiwani, na penye kivuko cha Makupa mtu aliweza kuvuka kwa miguu maji yanapokupwa. Nafaka ilitoka kwa wakulima wa bara, hususan jamii zinazojulikana leo kama Mijikenda, na mchele ulitoka Pemba. Askari wapya, baruti na fedha vilitoka Goa, mbali ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Aliyekaa ngomeni alilindwa na kuta, lakini kuta hazikumlisha.

3.0 Kielelezo cha 1696–1698

Udhaifu huu ulikuwa umekwisha kudhihirika. Machi 1696 merikebu za Omani, katika utawala wa Imamu Saif bin Sultan, ziliwasili na kuanza mzingiro uliodumu miezi 33. Walioihami ngome mwanzoni walikuwa Wareno wachache, kati ya 50 na 70, pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao. Msaada ulifika Desemba 1696, lakini maradhi yakawamaliza askari Wareno. Kufikia katikati ya mwaka 1697 ulinzi ulikuwa mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Ngome iliyoitwa ya Wareno ikawa inalindwa na watu wa pwani, wengi wao wakiwa wanawake.

Msaada mwingine ulifika Septemba 1697. Mwezi uliofuata manowari Santo António de Taná ilizama mbele ya ngome. Mabaki yake yalichunguzwa na wanaakiolojia kati ya mwaka 1977 na 1980. Waomani walipopanda kuta tarehe 13 Desemba 1698, walinzi waliosalia walikuwa wachache mno. Kikosi cha msaada kilifika siku saba baadaye, kikakuta bendera imebadilika.

4.0 Kutoka 1728 hadi 1729

Waomani nao hawakusalimika na udhaifu uleule. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Omani katika miaka ya 1720 viliwagawa askari wao wa Mombasa. Askari Waafrika ndani ya ngome waliasi, na Wareno, wakishirikiana na Mfalme wa Pate, wakarejea Machi 1728 chini ya Luís de Melo de Sampaio. Kwa hiyo mlango wa ngome ulifunguliwa na ufa uliokuwa ndani.

Kurejea huko hakukudumu. Urafiki na Pate ulivunjika, na Aprili 1729 watu wa Mombasa wakaasi. Wareno walijifungia ngomeni, wakabaki na mizinga inayoutazama mji usiowatii na bahari isiyowaletea chakula. Tarehe 26 Novemba walisalimu amri, wakaondoka kuelekea Msumbiji.

5.0 Majadiliano: Kalenda ya Pepo

Tarehe hizo zinastahili kusomwa sambamba na kalenda ya pepo. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, ndiyo iliyoleta vyombo kutoka India na Arabuni. Kusi, inayoanza Aprili, iliwarudisha. Waomani walifika Machi 1696. Wareno walirejea Machi 1728. Wote walikuja na kaskazi. Uasi ulianza Aprili 1729, kaskazi ilipokwisha. Taarifa ingeweza kupelekwa Goa kwa kusi, lakini merikebu za Goa hazingeweza kurudi na upepo huohuo. Iliyobaki ilikuwa njia ya Msumbiji. Ngome ilianguka mwishoni mwa Novemba, kaskazi ikiwa inakaribia.

Mfuatano huu pekee hautoshi kuthibitisha kuwa waasi walipanga hivyo. Hata hivyo, watu walioishi kwa biashara ya majahazi waliijua kalenda hiyo kama mkulima ajuavyo mvua. Mtafiti anayewaona kama watazamaji tu wa ugomvi wa mataifa mawili anawanyima maarifa waliyokuwa nayo.

6.0 Hitimisho

Baada ya ushindi, Wamombasa walipeleka ujumbe Omani, na liwali akatumwa. Hatua hiyo isichukuliwe kuwa ni kurudi utumwani: walichagua mlinzi aliye mbali. Baadaye ukoo wa Mazrui, uliotoa maliwali, uliutawala mji kwa kujitegemea kwa sehemu kubwa hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipoitwaa ngome. Tangu mwaka 2011 ngome imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni huonyeshwa buruji na mizinga, navyo ni vitu vya kutazamwa. Lakini mwaka 1729 uamuzi ulitoka nje ya kuta: sokoni, kivukoni Makupa na mashambani mwa bara. Historia ya ngome inayoanzia huko itamweleza mwanafunzi jambo ambalo kuta peke yake haziwezi kulieleza.