Bei Tatu za Pasi Moja

Mpangaji mpya katika ploti nyingi za Kawangware husomewa sheria mbili kabla hajakabidhiwa ufunguo. Kodi ilipwe mapema, na asionekane na koili wala pasi ya stima. Umeme umo ndani ya kodi, na keateka anajua hesabu yake: pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja humaliza yuniti nzima, stima ambayo balbu ya wati 10 ingeitumia kwa saa 100. Pasi ya umeme ilisajiliwa hataza Marekani mwaka 1882. Lakini huku Gatina na Congo, mitaa ya Kawangware, pasi ya makaa, yenye jogoo mdogo wa chuma juu ya kifungo chake, bado inanunuliwa, inabadilishwa mpini na kuuzwa tena. Dobi ana shati la mteja la kunyoosha kabla hakujapambazuka, na ploti yake haimpi njia nyingine.

Kifaa kikuukuu kikifika mezani kwa muuzaji hupigiwa bei tatu kwa mpigo. Kuna bei ya kifaa kinachofanya kazi. Kuna bei ya viungo vyake: mota, swichi, mpini, transfoma, waya. Halafu kuna bei ya kilo, ile ya mnunuzi wa vyuma kuukuu anayepita na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Biashara nzima, kuanzia vibanda vya kando ya Barabara ya Naivasha hadi soko la Toi kule ukingoni mwa Kibera, huishi katika nafasi iliyopo kati ya bei hizo. Redio isiyolia hununuliwa kwa bei isiyo mbali na ya kilo. Kapasita moja iliyovimba ikibadilishwa, redio hiyo hupanda hadi bei ya kwanza. Ikigoma, fundi huivunja auze viungo, na mtaji wake hauendi wote. Hana bima wala ghala, wala hati ya kiwanja alichokalia. Toi imeungua zaidi ya mara moja, na mwaka 2018 tingatinga zilibomoa nyumba na vibanda Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Mtu wa namna hiyo hujikinga kwa kununua kwa bei ambayo hata chuma kitupu kitairudisha.

Hilo lilionekana wazi Januari 2022. Nguzo za kusafirisha umeme zilikuwa zimehujumiwa, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu hadi ilipofunguliwa tena Mei. Amri ililenga wezi wa nyaya, na sina ugomvi na nia yake. Lakini kwa miezi hiyo bei ya tatu iliondoka sokoni, na kifaa kisichotengenezeka hakikuwa na pa kwenda. Fundi ambaye jana angethubutu kununua redio mbovu tano ili apate tatu nzima, sasa alipaswa kufikiri mara mbili. Kwa takwimu za serikali, zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 wenye kazi nchini wako katika jua kali. Amri ya wiki moja inaweza kuwagusa bila hata mmoja wao kutajwa.

Mali yenyewe, sehemu kubwa yake, haitoki mbali. Kawangware imepakana na Lavington. Kibera iko hatua chache kutoka Woodley, Lang'ata na Barabara ya Ngong. Kila alfajiri wapishi, yaya, watunza bustani na walinzi huondoka kwa miguu kwenda kwa waajiri wao, na jioni baadhi yao hurudi na birika, blenda au feni ambayo tajiri ameichoka. Mgeni akimaliza mkataba na kurudi kwao, jiko lake zima huhama kwa siku moja. Njia nyingine ni chungu: mpangaji aliyeshindwa na kodi, dalali wa mnada, na vitu vinavyotolewa mlangoni watoto wakitazama. Nyingine ni ya kontena linaloshuka Mombasa.

Hapo kwenye kontena, umeme ndio unaochagua nchi ya kuagiza. Kenya ilirithi kwa Mwingereza volti 240 na plagi ya miguu mitatu ya mraba, kwa hiyo kibaniko cha mkate kilichozeekea London huchomekwa ukutani Kibera bila kuuliza. Vifaa vya Dubai navyo vina plagi hiyo hiyo. Cha Japani kimeundiwa volti 100. Ukikichomeka bila transfoma, unasikia harufu kabla hujaona moshi. Redio za Kijapani zina mtego wa pili. FM ya zile za zamani huanzia megahezi 76 na kuishia 90, shida ambayo kila mwenye gari kutoka Japani anaijua, ndiyo maana akauziwa ekspanda ya masafa. Sasa Pamoja FM ya Kibera na Mtaani Radio ya Kawangware zote ziko 99.9. Redio yenye sauti tamu kama nini, lakini haiwezi kuipata stesheni ya mtaa wake mwenyewe! Muuzaji mzoefu hutazama mstari wa namba kwenye kioo kabla hajatazama jina la kampuni.

Lakini ukitaka kuielewa biashara hii, kaa karibu na cherehani. Kichwa huuzwa peke yake na miguu peke yake, na mnunuzi huoanisha kama anayepanga ndoa. Singer nyingi za zamani zilitoka Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980, na herufi mbili zilizotangulia namba iliyogongwa kwenye mwili humwambia anayejua kusoma ilitengenezwa lini. Cherehani yenye umri wa miaka 60 au 70 hupatikana ikishona. Siri yake haiko kwenye ubora wa chuma peke yake. Butterfly, ile ya China ambayo iko katika vibanda vingi vya washonaji, ilinakili umbo la Singer ya daraja la 15, na sindano ya kawaida ya cherehani za nyumbani ni ile ile kwa hii na ile. Bobini ya mpya huingia kwenye kuukuu. Mkanda wa ngozi hukatwa kwa urefu wowote na kuunganishwa kwa kipande cha waya. Kiwanda kilikufa pale Scotland, lakini kipimo kikabaki, na kipimo ndicho kinachomlisha mshonaji wa Makina, Kibera, leo.

Cherehani ya miguu pia haina ugomvi na keateka, maana haigusi stima. Isitoshe, hulishwa na biashara jirani: Toi ni soko la nguo za mitumba, na suruali iliyokatwa kwa kiuno cha Mzungu haitoki sokoni mpaka ipunguzwe. Mashine kuukuu hurekebisha nguo kuukuu, na fedha huzunguka katika mita 100 za mraba.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wachumi wanaohesabu akaunti za benki hulipita. Katika chumba cha futi 10 kwa 10, kifaa kinachofanya kazi ni akiba. Mtoto akitumwa nyumbani kwa ajili ya karo, runinga hupelekwa kwa mkopeshaji wa mtaa na fedha hutoka kabla ya jioni. Mwanamke anayeweka cherehani mbili, moja akishonea na nyingine imefunikwa kitambaa pembeni, hakusanyi kumbukumbu za bibi yake. Ile iliyofunikwa ndiyo benki yake. Na tofauti na simu, ambayo hushuka bei kila mwezi, Singer iliyokomaa haishuki haraka, kwa sababu imeshashuka yote iliyoweza kushuka.

Runinga zina historia fupi na yenye msukosuko. Mimi nililelewa mbele ya Great Wall ya rangi nyeusi na nyeupe iliyounganishwa na betri ya gari; Jumamosi ilikuwa siku ya kubeba betri kwenda kuchajishwa, na aliyeibeba ndiye aliyechagua pa kukaa. Mawimbi ya analogi yalipozimwa mwanzoni mwa 2015, wengi walidhani runinga zenye kisogo zimezikwa. Hazikuzikwa. Zenye matundu ya AV ziliunganishwa na king'amuzi siku hiyo hiyo, na zisizo nayo mafundi walizitafutia njia. Hata hivyo ni kifaa ambacho singependa kuona mwanafunzi akikifungua peke yake. Bomba la picha huhifadhi umeme mkali hata baada ya plagi kuchomolewa, na kioo chake kina risasi, ambayo vijana wanaokivunja jalalani kutafuta shaba huivuta pamoja na vumbi. Mwaka 2019 Kenya ilikadiriwa kuzalisha tani 51,000 hivi za taka za vifaa vya umeme. Kila runinga inayoendelea kuwaka Kibera ni moja iliyochelewa kufika jalalani.

Kwa friji nina ushauri mmoja kwa msomaji: iache. Najua mvuto wake, hasa kwa mama anayeuza samaki au maziwa. Lakini piga hesabu. Tangu Aprili 2023 bei nafuu kabisa ya umeme wa nyumbani ni ya wanaotumia wastani usiozidi yuniti 30 kwa mwezi. Friji iliyochoka ikila yuniti 2 kwa siku, peke yake ni yuniti 60, na nyumba nzima imeondolewa kwenye bei hiyo kabla taa haijawashwa. Kisha kuna gesi. Zile za kale zilijazwa R12, inayotoboa tabaka la ozoni, na matumizi yake yaliondolewa katika nchi zinazoendelea kufikia 2010. Kuibadilisha iwe ya R134a si kujaza chupa tu, kwa maana mafuta ya kompresa ya zamani hayapatani na gesi hiyo. Nyingi za kisasa zina R600a, ambayo hushika moto. Fundi aliyezoea kuchomelea bomba bila kuuliza kuna gesi gani ndani anacheza na maisha yake. Halafu ongeza stima ya kurukaruka, ambayo hukaanga kompresa. Pasi, redio na cherehani vinastahimili maisha ya mtaa. Friji kuukuu haistahimili, na anayeiuza hulijua hilo zaidi ya anayeinunua.

Wateja wa kukusanya wapo pia, si wengi, ila wana fedha. Kule Kenyatta Market, dakika chache kutoka Kibera, Jimmy Rugami, ambaye wapenzi wa muziki humwita Real Vinyl Guru, huuza santuri na mashine za kuzichezea katikati ya wasusi na wachoma nyama. Nairobi ilikuwa mji wa kuchapa santuri za Afrika Mashariki, na zile zilizobaki makabatini zimepata bei upya. Hali hiyo imeanza kuvuja hadi Toi. Pasi ya makaa hununuliwa ikawekwe kwenye rafu ya mkahawa, karabai ikaning'inizwe mahali ambapo haitawashwa kamwe. Muuzaji hufurahi, na ni haki yake. Lakini bei ya urembo ikipanda, dobi ndiye anayebanwa, na huyo alikwisha banwa na makaa yenyewe, yaliyopanda bei tangu serikali ilipozuia ukataji miti Februari 2018. Marufuku ililegezwa Julai 2023, lakini bei ya gorogoro la makaa haikurudi ilikotoka.

Mshindani anayetajwa na kila mtu ni kifaa kipya cha bei rahisi, tena cha kulipia kidogo kidogo kwa simu. Nadhani tatizo liko kwingine, na nililiona nilipoonyeshwa pasi mbili za umeme zilizofunguliwa kando kwa kando. Katika ile ya zamani, waya wa joto umelazwa kati ya karatasi mbili za maika. Skrubu tatu, unautoa, unaweka mwingine, umemaliza. Katika ile mpya, waya umezamishwa ndani ya bamba lenyewe la aluminiamu wakati wa kulisubu. Ukikatika, umekatika na pasi yote. Mabirika yamefuata njia hiyo, na blenda nyingi hazina skrubu, zimebanwa kwa gundi. Kifaa kama hicho hakina bei ya viungo. Kinatoka bei ya kwanza na kuangukia ya kilo, na aliyekuwa akiishi katikati anakosa pa kusimama.

Bunge la Ulaya lilipitisha mwaka 2024 maagizo ya kuwalazimisha watengenezaji kurekebisha baadhi ya vifaa vya nyumbani wanavyouza. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, ambayo humbebesha mtengenezaji wajibu hata bidhaa inapokuwa taka. Wajibu huo nauona haujakamilika kama anayeleta pasi nchini halazimiki kuleta na waya wake wa joto. Spea iliyoko madukani Barabara ya Luthuli ni sera ya taka iliyo bora kuliko pipa la rangi yoyote.

Mafundi wenyewe wamezeeka. Vijana wanaokuja kujifunza huomba simu, si pasi, na sioni sababu ya kuwalaumu; meza ya simu ni ndogo, mteja hasubiri, na malipo ni ya papo hapo. Wachache hufika NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kufanyiwa mtihani wa ufundi ili wapate cheti. Waliobaki hujifunza kwa macho. Fundi mmoja wa Kawangware huweka skrubu zote anazotoa kwenye vifaa vilivyokufa katika mikebe ya rangi, amezipanga kwa urefu na aina ya meno. Mchana nilipokuwa naye, mteja alileta pasi yenye mpini uliolegea. Fundi aliingiza vidole kwenye mkebe wa tatu bila kutazama, akatoa skrubu moja, ikaingia. Hakulipisha skrubu, alilipisha dakika tano.