Sungura aliyemfundisha Disney kumiliki jina

Mjasiriamali anayetengeneza bidhaa huku jina lake likimilikiwa na mwingine anaweza kuipoteza siku moja. Ndivyo ilivyomkuta Mmarekani Walt Disney.

Mwaka 1927, yeye na mchoraji Ub Iwerks walibuni katuni ya sungura aitwaye Oswald. Watazamaji walimpenda, na mwaka 1928 Disney alikwenda New York kumwomba Charles Mintz, aliyekuwa akimlipa, aongeze fedha. Mintz alitaka kuzipunguza. Tayari alikuwa amewachukua wachoraji wengi wa Disney, na haki za Oswald zilikuwa za kampuni ya Universal.

Disney aliondoka mikono mitupu, lakini Iwerks alibaki naye. Wakabuni panya, Mickey Mouse, na safari hii Disney alihakikisha haki zinabaki kwake. Filamu ya panya huyo yenye sauti, Steamboat Willie, ilioneshwa Novemba 18, 1928, ikavuma. Oswald alirejea kwenye kampuni ya Disney mwaka 2006, karibu miaka 40 baada ya mwanzilishi wake kufariki.

Nawe unayefungasha asali au unga, soma mkataba kabla ya kusaini, kisha sajili alama yako ya biashara. Kwa Tanzania Bara, anayesajili ni BRELA.