Skrini pana ya kompyuta: Ikaguliwe kama ng'ombe wa mnadani

MAVUNO ya mbaazi na alizeti yakishauzwa, mfanyabiashara mdogo wa Balangdalalu, wilayani Hanang, hukabiliwa na swali lile lile la kila mwaka: fedha hii iingizwe wapi ili izae kabla ya mvua nyingine? Kwa mwenye duka la steshenari, chumba cha gemu au ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, jibu mojawapo siku hizi ni skrini pana ya kompyuta yenye kasi kubwa ya picha, ambayo bei yake imeshuka kuliko ilivyokuwa zamani.

Skrini hiyo ni chombo kizuri. Hata hivyo, si kila biashara inakihitaji, na anayekosea kuchagua hurudi nyumbani na deni. Hakuna Mbarbaig wala Mwiraki anayenunua ng'ombe mnadani bila kumtazama meno, kwato na kiwele. Skrini nayo ina meno yake ya kutazamwa.

Upana ni nini, kasi ni nini?

Skrini ya kawaida ina umbo la 16 kwa 9, sawa na televisheni nyingi. Skrini pana ina umbo la 21 kwa 9. Inchi zinazoandikwa kwenye kisanduku hupimwa kutoka kona hadi kona, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Skrini pana ya inchi 29 ina upana wa sentimita 68 hivi, lakini kimo chake ni sentimita 29 tu, yaani pungufu kidogo ya skrini ya kawaida ya inchi 24. Ile ya inchi 34 ina upana wa karibu sentimita 80, na kimo chake ni kama cha skrini ya kawaida ya inchi 27. Mnunuzi apime kwanza meza yake.

Kasi ni idadi ya mara ambazo skrini hubadilisha picha kwa sekunde moja, na huandikwa kwa alama ya Hz. Skrini za kawaida hufanya hivyo mara 60. Zenye kasi hufika 100, 144 au zaidi. Tahadhari: nyuma ya skrini nyingi kuna maandishi yanayofanana na "100-240V 50/60Hz". Hayo ni maelezo ya umeme wa ukutani, hayahusiani na kasi ya picha.

Jambo la tatu ni wingi wa nukta zinazounda picha. Skrini pana za bei nafuu huwa na nukta 2560 kwa 1080. Kwa inchi 29 herufi huonekana safi. Nukta hizo hizo zikitandazwa kwenye inchi 34, herufi huonyesha ukwaru, na mtu anayechapa barua kutwa nzima huchoka macho. Kwa inchi 34 zinafaa nukta 3440 kwa 1440, ingawa bei nayo hupanda.

Nani anafaidika?

Anayefaidika zaidi na upana ni mtu wa hesabu. Katibu wa chama cha msingi anayenakili uzito wa mizigo kutoka orodha moja kwenda orodha ya malipo huweza kuzifungua zote mbili ubavu kwa ubavu. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilipopitishwa mwaka 2005, mkulima aliyeweka mazao ghalani hulipwa kwa kufuata kumbukumbu za karatasi na kompyuta. Kilo 480 zikiandikwa 430, aliyepoteza ni mkulima. Kwa kazi hiyo upana una maana, lakini kasi ya 144 haiongezi hata shilingi moja, kwa kuwa tarakimu hazikimbii.

Hata hivyo, chama kinachotumia fedha za wanachama kilinganishe kwanza na njia nyingine: skrini mbili za kawaida zilizowekwa pamoja. Mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko skrini moja pana, na moja ikiharibika kazi haisimami.

Mwenye chumba cha gemu ndiye anayeweza kupata hasara kubwa. PlayStation 4 haitoi zaidi ya picha 60 kwa sekunde. PlayStation 5 huweza kufika 120 kwa baadhi ya michezo. Zote mbili hazitoi umbo la 21 kwa 9. Matokeo yake, pande mbili za skrini hubaki nyeusi, au picha huvutwa na wachezaji wakaonekana wanene. Aliyenunua inchi 34 anakuwa anatumia 27. Mwenye kibanda umiza anayeonyesha mpira yuko katika hali hiyo hiyo, kwani matangazo ya televisheni hutengenezwa kwa umbo la 16 kwa 9. Hao wawili wanafaa kununua televisheni au skrini ya kawaida. Upana na kasi kwa pamoja humfaa anayechezesha gemu za kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu.

Hesabu kabla ya safari

Tuchukue mfano, si bei ya soko. Skrini ya kawaida iwe sh 350,000 na pana iwe sh 700,000. Tofauti ni sh 350,000. Mwenye steshenari akiweza kuchapa kurasa tano zaidi kwa siku, kila moja ikimwachia faida ya sh 400, atapata sh 2,000 kwa siku, sawa na sh 52,000 kwa siku 26 za kazi. Tofauti itarudi kwa takriban miezi saba.

Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama wateja wanapanga foleni mwaka mzima. Ikiwa foleni ipo miezi minne tu, shule zinapofunguliwa na mazao yanapouzwa, ziada ya mwaka ni sh 208,000, na fedha itarudi baada ya mwaka mmoja na miezi minane. Kama hakuna foleni kabisa, haitarudi. Skrini haileti mteja. Huharakisha kazi ya mteja aliyekwisha kufika. Kuikopea kwa riba ya mwezi ni hatari zaidi.

Umeme nao uingizwe kwenye hesabu. Skrini ya wati 40 ikiwaka saa 10 kwa siku, siku 26, hutumia uniti 10.4 za Luku. Ya wati 20 hutumia 5.2. Kwa anayetegemea sola, tofauti hiyo hupunguza muda wa kufanya kazi jioni.

Ukaguzi dukani

Kwanza, mnunuzi atazame matundu ya kompyuta yake. Tundu la zamani la VGA halifai. HDMI ya toleo la 1.4 huweza kuishia picha 50 au 60 kwenye skrini ya nukta 3440 kwa 1440, hata kama kisanduku kimeandikwa 144. DisplayPort ni salama zaidi.

Pili, skrini iwashwe mbele yake, ionyeshwe nyeupe tupu, kisha nyeusi, kisha nyekundu. Nukta zilizokufa na mwanga unaovuja pembeni huonekana hapo. Asiyefanya hivyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tatu, adai risiti na dhamana ya maandishi, na aulize nani atalipa nauli ya kuirudisha. Dhamana ya duka la Arusha au Dar es Salaam ina gharama ya basi hadi huko na kurudi.

Nne, skrini isafirishwe ikiwa imesimama ndani ya kisanduku chake, kamwe isilazwe chini ya magunia. Ikifika, iunganishwe kupitia stabilaiza, na kasi yake ichaguliwe kwenye mipangilio ya kompyuta. Nyingi huanza na 60, na mwenye nayo anaweza kukaa mwaka mzima akitumia kasi ya kawaida wakati alilipia 144.