Je, Wajua? Nyuzi za Gitaa la Nailoni na Mbadala Wake

Je, wajua kwamba nailoni kwenye gitaa ni jambo la juzi tu? Mpaka Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nyuzi tatu nyembamba za gitaa la kiklasiki zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo, na besi tatu zilikuwa hariri iliyozungushiwa waya. Vita vilipopamba moto, utumbo ukahitajika hospitalini kushonea majeraha, wapigaji wakakosa nyuzi. Huko New York, fundi wa magitaa Albert Augustine, mzaliwa wa Denmark, akakuta nailoni katika duka la mabaki ya vifaa vya jeshi huko Greenwich Village, akaijaribu. Kampuni ya DuPont, ambako nailoni ilivumbuliwa mwaka 1935, ilitia shaka kama wapigaji wangeikubali sauti ile. Rose, mke wa Augustine, alisimulia kwamba mumewe aliwasikilizisha wawakilishi wa kampuni nyuzi za aina zote mbili bila kuwaambia ipi ni ipi, nao wakachagua nailoni. Mhispania Andrés Segovia, mpigaji aliyetajwa kuliko wote enzi hizo, akaziunga mkono. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema gitaa hili lazima lifungwe nailoni kwa kuwa ndivyo lilivyoumbwa, mkumbushe kwamba nailoni yenyewe iliingia kama mbadala.

Je, wajua ni mbadala gani unaoua magitaa haya? Chuma. Seti ya kawaida ya nailoni huvuta kwa jumla ya karibu kilo 40. Seti nyepesi ya chuma huvuta zaidi ya kilo 70. Ubao wa juu wa gitaa la nailoni ni mwembamba, na mbavu zake za ndani zimetandazwa mfano wa pepeo, mpango uliokomazwa na fundi wa Kihispania Antonio de Torres katika karne ya 19 ili ubao utikisike kwa urahisi. Gitaa la chuma lina mbavu nene zinazopishana kwa umbo la herufi X, na kwa kawaida shingo yake ina chuma ndani cha kuizuia isipinde. Ukifunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, ubao huanza kuvimba nyuma ya daraja, shingo hupinda, na siku moja daraja hung'oka na kipande cha ubao. Inauma kuliona, maana mwenye gitaa alitaka tu sauti iliyochangamka zaidi, na ziko njia salama za kuipata.

Wajua lakini kwamba kipo chuma kinachovumilika? Kampuni ya Thomastik-Infeld ya Vienna hutengeneza nyuzi zenye kiini cha kamba laini ya chuma, mkazo wake ukiwa mdogo, mahususi kwa magitaa ya kiklasiki. Hizo ni za pekee. Waya wa kawaida wa dukani si ndugu yake.

Ukitaka kuutambua uzi wa chuma dukani, usidanganywe na kishanga. Nyuzi nyingi za chuma zina kishanga mwishoni, lakini zipo pia nyuzi za nailoni zenye kishanga, kwa wasiopenda kufunga fundo. Soma pakiti.

Je, wajua kwamba siri ya mbadala wote iliandikwa mwaka 1636? Mfaransa Marin Mersenne alieleza kwamba sauti ya uzi hutegemea urefu wake, mkazo wake na uzito wake. Urefu kwenye gitaa haubadiliki. Kwa magitaa mengi ya kiklasiki ni milimita 650. Basi ukitaka noti ileile kwa mkazo uleule, lazima uzito wa uzi ubaki uleule. Sentimita moja ya ujazo ya nailoni ina gramu 1.15 hivi, utumbo 1.3, na florokaboni, ambayo wapigaji huiita kaboni, karibu 1.78. Kitu kizito zaidi hukupa uzi mwembamba zaidi: uzi wa kaboni ni mwembamba kuliko wa nailoni kwa takriban sehemu moja ya tano.

Na hapo ndipo lilipo tatizo ninalosikia likilalamikiwa kuliko yote: uzi wa tatu, yaani G. Katika seti ya kawaida ya nailoni, uzi wa kwanza una milimita 0.71, wa pili 0.82, wa tatu 1.02. Huo wa tatu ni mnene kiasi kwamba haupindiki vizuri unapotikisika. Mlio wake huwa butu, na ukibonyeza freti za juu noti hupanda kidogo kuliko inavyostahili. Wengi hulaumu gitaa, wengine humlaumu fundi. Weka G ya kaboni yenye milimita 0.82 au 0.84, uache nyuzi nyingine zote zilivyo. Kwa maoni yangu hakuna badiliko dogo linalolipa zaidi kuliko hili, na Savarez wana seti zilizokwisha kuchanganywa hivyo. Kufunga kaboni nyuzi zote tatu ni uamuzi mwingine: sauti hung'aa na kusikika mbali, lakini gitaa lenye mlio mkali tayari litakuchosha masikio.

Wajua kwamba kaboni hii ni mshipi wa kuvulia samaki? Kampuni ya Kureha ya Japani ilitoa mshipi wa florokaboni mwaka 1971, na nyuzi za Savarez Alliance nazo ni za florokaboni. Maduka ya zana za uvuvi huuza mshipi wenye unene ulioandikwa kwenye lebo, na kwa hesabu ya Mersenne utatafuta milimita 0.57, 0.66 na 0.82 hivi. Hakikisha ni uzi mmoja mtupu, si wa kusuka. Wapigaji wa kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, wametumia mshipi miaka mingi sasa. Nyatiti ya Wajaluo, iliyofungwa zamani kwa kano za ng'ombe, leo hufungwa nailoni.

Je, wajua namna ya kuukagua uzi kabla ya kuukubali? Gusa bila kubonyeza juu ya freti ya 12, upige. Kisha bonyeza freti hiyohiyo, upige tena. Noti mbili zisipolingana kwa uzi huo peke yake, huenda unene wake hauko sawa toka mwanzo hadi mwisho. Hauponi. Utoe.

Mwitaliano Mimmo Peruffo wa kampuni ya Aquila, Vicenza, alileta mwaka 1997 uzi mweupe uitwao Nylgut, wenye uzito karibu sawa na utumbo. Anayependa sauti ya kale bila kumgusa kondoo aanze hapo, ila alainishe kwanza kona kali za mfupa wa kichwani, maana uzi huu hukatika kwenye ncha.

Wajua kwamba nailoni hunywa unyevu wa hewa? Mombasa au Unguja gitaa lililotuniwa asubuhi linaweza kuteleza kabla ya jioni. Kaboni hainywi karibu chochote. Kwa wakazi wa pwani hiyo ni sababu tosha ya kuijaribu.

Besi nazo huchakaa mapema kuliko nyuzi nyembamba. Zimezungushiwa shaba iliyopakwa fedha, na jasho na hewa ya chumvi huzifanya nyeusi na bubu. Watengenezaji kadhaa huuza besi tatu peke yake, hivyo usitupe nyuzi nzima zilizo bado na uhai. Anayerekodi studio atafute besi zilizosuguliwa: vidole havilii vinapoteleza.

Maneno "mkazo wa kawaida" na "mkazo mgumu" kwenye pakiti hayana kipimo kimoja duniani. Linganisha kilo au pauni zilizoandikwa nyuma. Mara nyingi tofauti ya seti nzima ni kilo chache tu.

Na wajua kwa nini uzi mpya wa kaboni huchomoka darajani na kuacha kovu kwenye ubao? Ni mwembamba na unateleza. Uzungushe mara moja zaidi ya ulivyozoea, piga fundo dogo kwenye mkia wake, na uhakikishe mkia huo umebanwa nyuma ya daraja, si juu yake, kabla hujaanza kukaza.