Wenzako wakipanga foleni ya Komunyo, wewe hubaki kwenye benchi?

Unazijua dakika hizo. Kwaya imeanza wimbo wa Komunyo, watu wanasimama benchi baada ya benchi, nawe unakunja miguu kando ili jirani apite. Unatoa simu, unajifanya unatafuta kitu. Mama mmoja anakutazama, halafu anatazama mbele. Ni kama kanisa zima linajua siri yako.

Kama huyo ni wewe, jua hauko peke yako. Keti nyuma ya kanisa lolote la Katoliki Nairobi, Nakuru au Kisumu uone vijana wanaobaki. Huyu anaishi na mpenzi wake tangu wamalize chuo na hawajafunga ndoa kanisani. Yule hajaungama tangu Kipaimara. Mwingine alitoka klabu alfajiri na anaona ni unafiki kupanga foleni saa nne. Wengine walizoea tu kubaki, hata hawakumbuki ilianzaje.

Hebu kwanza tuulize: kinachogawiwa pale mbele ni nini hasa? Ukikitazama, ni mkate mwembamba wa ngano usiotiwa chachu, na divai ya zabibu. Lakini Kanisa Katoliki halisemi ni kumbukumbu tu. Linafundisha kwamba padri anapotamka maneno ya Yesu ya Karamu ya Mwisho, mkate na divai vinageuka kuwa Mwili na Damu yake kweli, ingawa sura na ladha hazibadiliki. Ndiyo maana watu hupiga goti mbele ya tabernakulo, na hostia zilizobaki huhifadhiwa humo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka wa 1964, uliita Ekaristi chanzo na kilele cha maisha yote ya Kikristo. Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake shukrani.

Hapo ndipo wengi wetu huteleza. Tunasema, kama kitu hiki ni kitakatifu hivyo, basi ni cha watakatifu. Sivyo. Kabla ya kupokea, kila mtu, padri akiwemo, hukiri mbele ya wote kwamba hastahili. Hakuna anayepanga foleni ile eti kwa sababu amepita mtihani.

Ukiangalia historia utaona Kanisa limekuwa likisogeza meza karibu na watu. Kuna nyakati Wakatoliki wengi walipokea mara moja tu kwa mwaka. Mwaka wa 1905 Papa Pius X akahimiza watu wapokee mara kwa mara, na mwaka wa 1910 akawafungulia njia watoto wa takriban miaka saba. Zamani ulifunga kula tangu usiku wa manane. Tangu 1964 ni saa moja tu kabla ya kupokea.

Haimaanishi usimame tu na kwenda. Anayejua ana dhambi kubwa anatakiwa kuungama kwanza. Lakini kugombana na kondakta wa matatu kwa sababu ya chenji si kizuizi. Kuna vijana wanaojinyima Komunyo mwaka mzima kwa mambo ambayo padri angeyamaliza kwa dakika tano.

Na mnaoishi pamoja bila ndoa? Najua kisingizio: harusi ni pesa. Lakini Kanisa linataka nini? Nyinyi wawili mlio huru kuoana, padri au shemasi, na mashahidi wawili. Hema, keki na msafara wa magari ni mambo yetu wenyewe. Zipo parokia zinazoandaa harusi za pamoja ili kupunguza gharama. Kama mahari ndiyo imekwama, waombe wazee wa jumuiya yenu wakusindikize kwa wakwe. Nairobi ilipoandaa Kongamano la 43 la Kimataifa la Ekaristi, Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II akiwa hapa, mada ilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristo. Mambo haya mawili hayajawahi kutengana.

Unapongoja, usiseme Misa si yako. Unakumbuka Machi 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona? Hata nyanya ambaye hakuwahi kukosa Komunyo alibaki kwenye kochi akifuata Misa kwa runinga. Alichofanya kinaitwa Komunyo ya kiroho: unamwambia Yesu kwa maneno yako kwamba unatamani kumpokea. Unaweza kufanya hivyo hapo ulipoketi, badala ya kushika simu.

Sasa neno kwa ninyi mnaopanga foleni kila wiki. Msituangalie vibaya. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho barua kali, isome sura ya 11 ya barua ya kwanza. Walipokutana, wenye chakula walikula na kulewa, maskini wakakaa njaa. Paulo akawaambia wazi kwamba hicho wanachokula si Karamu ya Bwana. Kwa hivyo ukipokea hostia asubuhi, na jioni unamzungusha dada wa kazi kuhusu mshahara wake wa miezi miwili, swali lako ni zito kuliko la yule aliyebaki kwenye benchi. Jina Misa lenyewe linatokana na neno la Kilatini la kuwaaga watu waende zao. Ulichopokea kanisani kinapaswa kuonekana kwenye ploti, kazini, na kwa jirani aliyekatiwa stima.

Mimi nilibaki kwenye benchi miaka mitatu. Nilichoogopa ni padri kunifokea. Hakunifokea. Aliniuliza kama ninaishi mbali, tukaongea kama dakika kumi, akaniondolea dhambi, nikatoka nje nikiwa na njaa ya chai.

Jumapili hii fika nusu saa mapema. Mara nyingi utampata padri ameketi akiungamisha, na foleni hiyo huwa fupi. Ukiona aibu, mwambie hivyo hivyo tu: "Padri, sijui nianzie wapi." Atakusaidia kuanza.