Ng'ombe Anapokufa Ghafla: Ajali za Mifugo katika Ukanda wa Dirma

Katika ukanda wa Dirma, wilayani Hanang mkoani Manyara, hasara ya ng'ombe mmoja haipimwi kwa bei ya mnadani peke yake. Maksai, yaani dume aliyehasiwa na kufundishwa kuvuta plau, akivunjika mguu mwanzoni mwa mvua, mwenzake wa nira hubaki hana kazi, na kaya hulazimika kuazima au kukodi wanyama katika majuma yale yale ambayo kila jirani naye analima. Hasara za namna hii huitwa ajali, na mara nyingi huhesabiwa kuwa bahati mbaya tu. Hata hivyo, zikitazamwa kwa utaratibu, sehemu kubwa huonekana kuwa na msimu wake na mahali pake.

Mfano ulio wazi ni kujaa gesi. Tumbo la kwanza la ng'ombe hutengeneza gesi mfululizo, nayo hutolewa kwa kucheua. Lakini mnyama mwenye njaa akiingia katika shamba la maharage au malisho mateke ya jamii ya mikunde, gesi hunaswa ndani ya povu lisilopasuka, ubavu wa kushoto huvimba, mapafu hubanwa, na kifo huweza kufika kabla mtaalamu hajapatikana. Povu hilo huvunjwa kwa mafuta ya kula, robo hadi nusu lita kwa ng'ombe mkubwa, yakimiminwa polepole bila kuinua kichwa mno, kwa kuwa yakipita njia ya hewa huua kwa namna nyingine, huku mnyama akisimamishwa miguu ya mbele ikiwa juu kuliko ya nyuma. Kutoboa tumbo kwenye kishimo kilicho nyuma ya ubavu wa mwisho, upande wa kushoto, ni hatua ya mwisho kwa mnyama anayekata roho, na yafaa ifanywe na aliyefundishwa. Kinga yake ni nyepesi kuliko tiba: ng'ombe walishwe majani makavu kabla ya kupelekwa kwenye malisho mateke, na wasipitishwe karibu na mashamba hayo wakiwa na njaa.

Radi ni ajali ya aina tofauti, kwa kuwa huua kundi kwa mpigo. Umeme ukishuka kwenye mti husambaa ardhini, na kwa sababu miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma, sehemu ya umeme huo hupanda mguu mmoja na kutokea mwingine ikipitia moyoni. Ndiyo maana mchungaji aliyesimama hapo hapo huweza kupona ilhali wanyama wake wameanguka. Nchini Norway, Agosti 2016, tukio moja la radi liliua kulungu wa baridi 323 katika uwanda wa Hardangervidda. Mti uliosimama peke yake mbugani, ambao wakati wa jua ni kivuli cha thamani, wakati wa ngurumo ndio mahali pabaya kuliko pote.

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi ya hasara yenyewe. Ng'ombe aliyekufa ghafla malishoni baada ya mvua hudhaniwa amepigwa na radi, na nyama hugawanywa kabla haijaharibika, ilhali ugonjwa wa kimeta nao huua ghafla vivyo hivyo. Majani yaliyosalia mdomoni, michirizi ya nywele zilizoungua na mti uliopasuka huelekeza kwenye radi. Damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani au njia ya haja kubwa, pamoja na mzoga usiokakamaa, huelekeza kwenye kimeta. Dalili hizo, hata hivyo, huingiliana, na penye shaka mzoga usipasuliwe kabisa. Bakteria wa kimeta, akiwa ndani ya mzoga uliofungika, hufa kadiri unavyooza. Akipata hewa hujifunga ganda gumu na kuishi udongoni kwa miongo kadhaa, na kuchemsha nyama kwa kawaida hakuaminiki kuliua ganda hilo. Mtaalamu huhitaji tone la damu kutoka sikioni tu ili kupima, kisha mzoga huteketezwa au kufukiwa katika shimo lenye kina cha mita 2 au zaidi. Kilo chache za nyama hazistahili kuhatarisha ukoo mzima.

Kuhusu ng'ombe wanaotumbukia makorongoni au kunasa katika matope ya malambo yanayokauka, sababu haimo katika uzembe wa mchungaji peke yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua ekari zipatazo 100,000 za nyanda za Hanang zilizokuwa malisho ya Wabarbaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, na makundi yakasongamana katika ardhi iliyobaki, ambayo ilizidi kumomonyoka.

Wairaqw na Wadatoga, wenyeji wa eneo hili, walikuwa na njia yao ya kugawa hatari: baadhi ya ng'ombe walikabidhiwa ndugu na marafiki wa mbali, mtunzaji akinufaika na maziwa na samadi, hivi kwamba radi au maradhi ya mahali pamoja hayakumaliza mali yote. Njia za serikali na soko ni finyu zaidi. Kifuta jasho, kilichowekewa kanuni mwaka 2011, kwa upande wa mifugo huwahusu walioliwa mifugo na wanyamapori hatari, nacho ni mkono wa pole, wala si fidia kamili. Bima inayopima ukame kwa picha za satelaiti, kama ile iliyoanza Marsabit nchini Kenya mwaka 2010, hulipa malisho yanapokauka, lakini haimlipi aliyefiwa na ng'ombe kwa kutumbukia korongoni. Basi mfugaji anayeombwa kununua bima aulize kwanza kama mkataba unalipa kifo cha mnyama mmoja kwa ajali, aulize ushahidi gani utatakiwa, na asitie sahihi kabla hajaonyeshwa kifungu hicho.